Ushahidi wa Ngozi ya Skola

Baba Skola uliye mbali,

Sauti iliyobaki nami ni ya nyayo. Nyayo za mtoto wetu zikisuguana na mkeka, kwa kasi, bila kupumzika, kama fundi anayepiga msasa ubao usiotaka kulainika. Uliisikia nawe. Ilikuwa jioni ya kuamkia safari yako. Ulikuwa unakunja lile sweta lako la kijani, mimi nachambua maharage karibu na mlango, naye Skola amelala chali katikati yetu.

"Anacheza huyo," ukasema.

Nikacheka, kwa sababu nilitaka awe anacheza. Lakini nilipomtazama usoni hakuwa na uso wa mchezo. Alikuwa amekunja nyusi kama mtu mzima mwenye kazi nzito. Alikuwa anajikuna.

Tangu uondoke nimekuandikia mara nyingi, na kila mara nimeichana karatasi kwa sababu sikujua niitume wapi. Wanaotoka Tunduru wanasema wachimbaji mnahama mto hadi mto, leo hapa, kesho ng'ambo, kufuata uvumi wa jiwe. Hakuna sanduku la posta huko. Ndiyo maana hii naiandika wazi, gazetini, isomwe na yeyote. Atakayekufahamu akusomee kwa sauti mkiwa mmepumzika. Sina tena siri ya kulinda. Jina langu limekwisha kutembea mbali kuliko barua yoyote.

Kabla sijakueleza lolote, nataka uikumbuke ngozi yake.

Wewe ndiye uliyekuwa unampaka mafuta. Wanaume wenzako walikucheka, na mama yako mwenyewe aliguna, lakini ulikuwa ukitoka kazini unanawa mikono, unapasha mafuta ya mgando kwenye viganja, kisha unaanza na vidole vya miguu, kimoja kimoja, ukiviita kwa majina ya wakubwa zako wa ofisini. Kile kidogo kabisa ulikiita mhasibu. Ulijua alama yake nyeusi iliyo nyuma ya goti la kushoto. Ulijua mikunjo ya mapaja yake inayoshika jasho na inayohitaji poda. Mara moja uliniita nikiwa nasahihisha madaftari, ukaniambia, "Mwalimu, njoo unuse hapa," ukanionyesha nyuma ya sikio lake, na tuliinama wote wawili pale juu ya kitanda, tunanusa, kama watu waliopoteza akili.

Nakumbusha haya kwa sababu siku hizi najiuliza swali moja tu, na linanichosha. Mtu aliyeijua ngozi ile namna hiyo, aliwezaje kukubali kuambiwa na wengine maana yake?

Nilikuja Songea mgeni, mwalimu mpya kutoka Mpwapwa, sina mtu. Wewe ulikuwa karani wa ushirika, na maneno ya kwanza uliyoniambia yalikuwa, "Baridi ya huku haina adabu, mwalimu, tafuta sweta." Nilikupenda kwa sababu hukuwa na haraka. Ukisikiliza, ulisikiliza. Ukiulizwa, ulifikiri kwanza. Nilidhani hiyo ni tabia ya mtu, kitu kisichoondoka. Sikujua kwamba inaweza kuondoka pamoja na kazi.

Ushirika ulipopunguza watu ulirudi nyumbani na kalamu zako mfukoni, ukakaa. Ilikuwa miaka ya ajabu ile: maduka yalijaa vitu ghafla, na nyumba zikajaa wanaume wasio na pa kwenda asubuhi. Tukaacha nyumba ya kupanga tukahamia kwa mama yako Mjimwema. Sikulalamika. Mama yako alitupokea vizuri, akatupa chumba cha mbele, na Skola akawa mtoto wa mgongo wake. Mimi nikienda shuleni alimfunga kwa mbeleko tangu asubuhi, akapika naye, akapalilia naye, akaenda naye kwenye jumuiya. Baridi ilipokaza alilala naye blanketi moja, na watoto wa dada yako Osmunda pembeni. Nilishukuru. Naandika neno hilo bila kejeli: nilishukuru.

Kisha habari za vito zikaja, nawe ukaondoka. "Nikipata jiwe moja tu la maana, narudi tunaanza upya," ulisema. Nilikuamini. Hata leo naamini kwamba siku ile ulimaanisha.

Vipele vilianza kwenye viganja na nyayo, vidogo vyenye maji, kisha vikapanda kwapani, kiunoni, kwenye makalio. Jua likizama tu, mtoto anawaka. Analia, anajisugua, anaweka kichwa begani kwangu na kukisugua hapo. Osmunda akaniletea krimu kutoka kibandani kwake sokoni, moja ya zile zinazotoka nje ambazo akina dada wanajichubua nazo. "Paka hii, wifi," akasema. "Inaondoa mpaka madoa ya ujana." Nikapaka. Wekundu ukatulia, ngozi ikawa laini, na Osmunda akatembea nyumba nzima kwa madaha: "Si mmeona? Mnaenda hospitali kupanga foleni, daktari ninaye hapa!" Tulicheka sote. Kabla kopo halijaisha vipele vikarudi, safari hii vimeungana, vinatoa majimaji, na mahali palipopakwa sana ngozi ilikuwa nyembamba kama ya kitunguu.

Nikaenda zahanati. Mhudumu alikaa nyuma ya meza yake, nami nikakaa mbele na mtoto amefungwa kanga na sweta juu.

"Aleji. Badilisha sabuni."

"Hutamwangalia?"

"Nimemwona."

Nikabadilisha sabuni.

Hukumu ilitolewa jikoni, mchana wa Jumamosi. Mama yako, Osmunda na jirani yetu Mama Betramu walikuwa wanabangua karanga. Mimi nilikuwa najaribu kumnyonyesha Skola, naye anaacha ziwa ili ajikune. Mama yako alimtazama muda mrefu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anasema mvua itanyesha:

"Mtoto huyu kabemendwa."

Wewe umezaliwa na neno hilo, huhitaji kuelezwa. Lakini barua hii iko wazi, basi niseme kwa ajili ya atakayekusomea. Wanaamini kwamba mama anayenyonyesha akitoka nje ya ndoa, kisha akarudi na kumbeba mtoto kwa mikono ileile, mwili wa mtoto unaharibika. Ngozi inatoka, nyama inayeyuka, mtoto anazorota. Na hakuna dawa itakayomshika mpaka mkosaji aseme, tena amtaje mwenzake kwa jina.

"Shuleni kwao wapo walimu wa kiume wengi, au naongopa?" akauliza Osmunda, akiangalia karanga zake.

"Na masomo ya jioni yapo," akadakia Mama Betramu. "Hayo ndiyo magumu kufaulu!"

Wakacheka. Mimi sikucheka. "Mama," nikasema, "mimi sina mtu."

"Sijasema una mtu, mwanangu," mama yako akanijibu taratibu. "Mtoto ndiye aliyesema."

Unajua jinsi mtu anavyoweza kujitetea dhidi ya mtu mwingine. Anakanusha, anaapa, anaita mashahidi. Lakini ningejitetea vipi dhidi ya ngozi ya mwanangu? Kila kipele kipya kilikuwa neno jipya. Akiwa na nafuu, walisema nimepumzika kwenda kwa huyo bwana. Akizidiwa, walihesabu nilichelewa kurudi siku gani. Nilianza kumfunika mikono na miguu hata kwenye jua kali, si kwa ajili ya inzi, bali kwa ajili ya macho. Nimesoma mpaka kidato cha sita, nimepitia chuo, nimefundisha watoto wa watu kwamba ugonjwa una chanzo. Bado zilikuwapo saa nilizokaa na kujikagua, nikijiuliza kama kuna mtu nilimsalimia vibaya, kama kuna ndoto niliyoota. Huko ndiko walikonifikisha. Nilikuwa naungua kwa aibu ya jambo ambalo halikutokea.

Nilikungoja wewe. Nilijiambia, atasikia, atakasirika, atakuja. Ukatuma mtu. Alikuja yule mzee aliyekuwa mlinzi wa ghala lenu la ushirika, ambaye naye alikuwa amewafuata huko mitoni. Nilimwamkia shikamoo, nikamkaribisha chai, akakataa kukaa.

"Mwalimu, mimi nimetumwa tu, mdomo si wangu," akasema, anaangalia viatu vyake. "Jamaa anasema, umwambie mama ukweli ili mtoto apone. Mtoto akipona, ndipo atajua anarudi wapi."

"Hakuuliza mtoto anaumwa nini?"

Mzee wa watu akafikiri, akitafuta cha kunipa. "Hakuuliza, mwalimu," akasema. "Lakini alikuwa na hali mbaya. Hakula."

Hukula. Nilibeba neno hilo wiki nzima, nalipindua. Mara lilikuwa dalili kwamba unanipenda, mara lilikuwa dalili kwamba umekwisha kuamini. Sasa najua vyote viwili vinaweza kukaa katika tumbo moja lenye njaa.

Nilimpeleka hospitali bila kuaga. Daktari wa watoto alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya ukali, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mvue."

"Zote?"

"Zote. Kwani nimeitwa kutazama kanga?"

Akambeba uchi mpaka dirishani. Akapanua vidole vyake kimoja kimoja, kama ulivyokuwa unafanya wewe, akatazama katikati. Akageuza nyayo. Akatazama kwapa, kitovu, kiuno. Halafu akaniuliza nimempaka nini, nikamtolea kopo la Osmunda. Akalinusa, akaliweka mbali.

"Hii imetuliza wekundu, imewaacha wadudu wanakula kwa raha. Lete mikono yako."

"Mimi sina kitu, daktari. Ni chaki tu inanikausha."

Akanishika kifundo cha mkono, akanionyesha kimstari cha kijivu, kifupi, chenye kidoa mwishoni. "Chaki haichimbi mahandaki, mwalimu. Huu ni upele. Upele ule wa kuambukizana, wala si kitu kingine. Kuna kadudu hukaoni, kanaingia chini ya ngozi na kutaga mayai humo. Kwa mtu mzima utakaona vidoleni na kiunoni. Kwa mtoto mchanga kanakwenda mpaka viganjani na nyayoni, kanatoa malengelenge, ndiyo maana wengi wanakosea. Nani anambeba mchana?"

"Bibi yake."

"Anajikuna?"

Nikamkumbuka mama yako akisugua mgongo kwenye fremu ya mlango kila jioni, akisema uzee umemwingia kwenye damu. Nikamwambia daktari. Akatikisa kichwa.

"Basi ukimtibu mtoto peke yake unacheza. Mtajipaka dawa nyumba nzima, siku moja, mnaojikuna na msiojikuna, kuanzia shingoni mpaka nyayo. Yake nitaizimua kwa maji, ngozi yake haitaihimili kali. Nguo na mashuka mchemshe, blanketi zikae juani. Mmoja akikataa, anawarudishia wote."

Nilitoka pale naona barabara inang'aa. Sikuwa nimewahi kufurahia ugonjwa. Nilikuwa na jina la kitu, na jina hilo halikuwa la mwanamume.

Nilirudi na chupa ya ile dawa nyeupe kama maziwa, yenye harufu ya kupasua pua, nikapiga magoti mbele ya mama yako.

"Mama, daktari amesema tujipake wote."

"Wote nani?"

"Wote tunaolala humu."

Akaacha kupepeta. "Mimi nina upele?"

"Sijasema hivyo, mama, ni..."

"Nimezaa, nimelea, nimezika mume, hajatokea mtu akaniambia nina upele. Nyumba hii inafagiliwa kabla majirani hawajafungua milango. Upele ni wa mabweni! Dawa hiyo mkapakane huko shuleni kwenu." Kisha akaongeza, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali: "Mwanangu, unazunguka sana. Kusema ni neno moja."

Nikampaka Skola, nikajipaka mimi. Akapata nafuu. Nikaenda kazini, akarudi mgongoni kwa bibi yake, ngozi kwa ngozi, tangu asubuhi mpaka jioni, na vipele vikarudi. Nikampaka tena. Vikarudi tena. Nikasema nimpeleke mchana kwa mama mmoja wa kule kazini, mama yako akauliza kwa mshangao wa kweli kama mjukuu wake atalelewa na mtu baki yeye akiwa hai. Na kila viliporudi, Osmunda alisema, "Dawa za hospitali zimeshindwa. Tulisema." Ndiyo, zilishindwa. Zilishindwa kwa sababu yao, nao wakazitumia kunishinda mimi.

Halafu asubuhi moja Skola akaamka na macho yamevimba, kope kama vitumbua, na mkojo wake kwenye nepi ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Vidonda alivyokuwa anavikwaruza vilikuwa vimeingia usaha. Nilikimbia naye. Daktari yuleyule alimlaza, akampiga sindano, akaja kusimama miguuni pa kitanda.

"Nilisema ngozi. Sasa tunazungumza habari za figo," akasema. "Usaha wa ngozi ukikaa sana, figo ndizo zinazoumia. Safari hii naona atarudi nyumbani. Akirudia tena hivi, mwalimu, sikuahidi kitu."

"Nimewaomba. Wamekataa."

"Tafuta njia. Mimi siwezi kuja kumpaka mama mkwe wako."

Sijui kama umewahi kukaa mahali ambapo kila mlango uko wazi na huwezi kutoka. Dawa ilikuwapo. Ugonjwa ulikuwa unajulikana, tena mdogo, ugonjwa wa kuchekwa. Mwanangu alikuwa anakufa kwa kitu ambacho kingeondolewa na chupa moja na jua la mchana mmoja. Na mtu aliyesimama kati yake na chupa hiyo alikuwa ndiye anayempenda kuliko wote.

Maana anampenda. Mama yako alikuja wodini kila siku na uji kwenye chupa ya chai, ametembea kutoka Mjimwema kwa miguu. Alimchukua Skola akawa anazunguka naye barazani, anamnong'oneza Kingoni, anampuliza kwenye vidonda. Siku moja akakaa kando yangu kwenye benchi, akanishika goti.

"Sema tu, mwanangu. Sikufukuzi. Mimi nami nilikuwa msichana, na mume akikaa mbali, najua. Taja jina, tumwoshe mtoto, nyumba yote ioge, yaishe."

Nikageuka. "Nyumba yote?"

"Nyumba yote. Ndivyo inavyofanywa. Kila anayelala chini ya bati lile anaoga na kupakwa, siku hiyohiyo, hakibaki kichwa."

"Na nguo?"

"Nguo zinachemshwa. Matandiko yanatolewa nje, yanaanikwa. Hupeleki uchafu wa zamani kwenye mwili uliooshwa."

Nikajisogeza karibu naye. "Na ile dawa yangu ya chupa? Nikiomba tupakwe pamoja na dawa yenu?"

Akaniangalia kwa huruma. "Ukishasema," akajibu, "hata ukitaka kunipaka matope nitakaa nipakwe."

Kwa hiyo yale uliyoyasikia ni kweli, Baba Skola. Nilikiri. Ilikuwa Jumamosi, uani, jua limesimama. Alikuwapo mama yako, shangazi zako kutoka kijijini, Osmunda na watoto wake, na Mama Betramu aliyesema amekuja kuazima ungo. Nilikaa chini, miguu nimenyoosha, mtoto mapajani. Nikasema ndiyo.

Nilikuwa nimemtunga tangu wodini. Nilihitaji mtu asiyeweza kupatikana, ili asitokee mtu wa kupigwa. Nikasema ni dereva wa lori la mahindi, aliitwa Damasi, na amekwisha kuhamia Sumbawanga.

"Niliwaambia!" Osmunda akapiga makofi.

Shangazi yako mkubwa akainama mbele. "Lori la rangi gani?"

Hilo sikuwa nimeliandaa. "La bluu," nikasema.

"Nililiona!" akasema Mama Betramu, mkono kifuani. "Haki ya Mungu, nililiona mimi hilo lori. Limeegeshwa pale chini, nikajiuliza, la nani hili?"

Wakamtazama kwa heshima. Mimi nikamtazama mwanangu.

Kisha wakafanya yote, na waliyafanya vizuri. Maji yalichemka kwenye mapipa. Mashuka, sweta, mbeleko, mpaka pazia la chumba cha bibi, vyote vilipita kwenye moto. Blanketi zilitandazwa juu ya ua mchana kutwa. Mama yako akaoga na maji yake ya majani, akamwosha Skola, kisha akakaa kwenye kigoda, akavua blauzi, akanigeuzia mgongo.

"Haya. Lete hayo maziwa yako."

Nilimpaka mama yako kwa mikono yangu. Kiunoni, pale anapofungia kanga, palikuwa pamechubuka pote. Kati ya vidole palikuwa na mahandaki, mengi, ya zamani na mapya. Alikuwa ameteseka kwa miezi, na hakumwambia mtu, kwa sababu ya usafi wa nyumba yake. Nilipofika kwenye mabega alisema, "Inaunguza." Nikamwambia itapoa. Baadaye kidogo akasema, "Umefanya vizuri kusema, mwanangu. Naona mpaka mwili wangu unapumua." Nililia pale nyuma yake, naye akadhani ni majuto.

Nilijipaka, tukarudia kama daktari alivyoelekeza. Skola amepona. Vidonda vilikauka, magamba yakaanguka, chini yake ikatoka ngozi mpya, nyeusi, laini, na mkojo wake ni safi. Ile alama ya nyuma ya goti ipo palepale. Anatembea sasa. Anaenda kwa kasi asiyoweza kuisimamisha, anaishia ukutani.

Na hapa ndipo siwezi kupumua. Kadiri ngozi yake ilivyopona, ndivyo hatia yangu ilivyothibitika. Dawa za hospitali zilishindwa mara zote. Nikasema neno moja, mtoto akapona. Nani atabishana na hilo? Mama yako anamwonyesha kwa wageni: anamvua shati, anamgeuza mbele na nyuma, "Mtazameni. Mama yake alipofungua mdomo tu." Wageni wananitazama kwa wema. Wamenisamehe, unaelewa? Nilizoea tuhuma, nilijua pa kuziweka mwilini mwangu. Sikujua pa kuuweka msamaha wa kosa nisilolifanya. Wananipa kiti. Shangazi yako ameniletea kuku.

Na mama yako amekutumia ujumbe, kaniambia mwenyewe kwa furaha: uje, mkeo ameoshwa, mambo yamekwisha. Akilini nilikuona unakuja. Nilikuona umesimama mlangoni na lile sweta, uso umejaa subira, tayari kunisamehe nawe. Nilijaribu kukaa ndani ya picha hiyo, nikajaribu kwa siku nyingi, kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya mtu yule aliyekuwa ananiita ninuse nyuma ya sikio. Sikuweza.

Sikukudai uje na jiwe. Sikukudai hata uniamini. Nilitaka uulize mtoto anaumwa nini. Ni hilo tu, na njia kutoka Tunduru ilikuwa na watu wa kutosha wa kulibeba.

Mama yako atasikia haya, atasomewa na mtu, na najua yatamuuma. Namwomba radhi kwa maumivu hayo. Lakini sikungoja yeye asikie, wala sikungoja wewe urudi. Nilimwambia nimepata chumba Msamala, karibu na shule. Akashangaa: "Kwa nini, mwanangu? Si yamekwisha?" Nikasema yamekwisha, mama. Akanifungia Skola mgongoni yeye mwenyewe, akakaza fundo, akasema atakuja kumwona baada ya misa. Nami nikamwambia karibu, na nilimaanisha.

Mwenye nyumba ni mama mmoja mjane, anafuga bata. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia. Aliniuliza kama mtoto analia sana, nikamwambia halii tena. Aliniuliza kama nina mume.

Nikamjibu sina. Akanipa ufunguo.

Ubaki salama huko mitoni,

Mama wa mtoto wako